Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mtwara na Lindi: mtazameni yule injinia wa Mueda kabla mradi wa gesi wa Likong'o haujaanza

Waheshimiwa wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, wabunge wetu wa Kusini, na nyie mnaokaa Dodoma kwenye meza ya gesi. Walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu marahaba, nimeipokea hata kama hamjaamkia.

Mimi ni fundi jenereta hapa Mtwara mjini, Chikongola, ila kwetu hasa ni Newala. Ukisimama pale Shimo la Mungu jioni unaliona bonde lote la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji, na bibi yangu mzaa mama alikuwa ananyoosha kidole anasema kule ndo kwetu, Mueda, huku tulivuka tu. Kwa iyo habari za Msumbiji kwangu sio za redioni, ni za ukoo, na leo nataka niwaongeleshe kuhusu Filipe Nyusi, rais mstaafu wa Msumbiji, najua wengi wenu mtasema huyo kashatoka ikulu Januari 2025 kamwachia Chapo, sasa sisi watu wa Lindi na Mtwara anatuhusu nini.

Anatuhusu sana tu. Kwanza ni mtoto wa huku huku. Kazaliwa 1959 Namau, wilaya ya Mueda, Mmakonde, mwaka mmoja kabla Wareno hawajawamiminia watu risasi pale Mueda Juni 1960. Wazazi wake walikuwa wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, vita ya ukombozi ilipoanza akavushwa Ruvuma bado mtoto, akasoma shule ya msingi ya FRELIMO Tunduru, na mwaka 1973 akiwa na miaka 14 akaingia chama na kupata mafunzo Nachingwea. Nachingwea hii hii ya Lindi wakuu. Wazee wa kule ukiwatajia Farm 17, ile kambi ya FRELIMO, wanaanza stori za Samora, huondoki hapo kabla ya saa mbili usiku. Baadae akapelekwa Czechoslovakia, akatoka Brno 1990 na digrii ya uinjinia wa mitambo, akarudi akaingia shirika la reli, CFM, na 1995 akawa mkurugenzi wa upande wa kaskazini, ile reli ya bandari ya Nacala. Mpaka klabu ya mpira ya reli kule Nampula aliiongoza yeye. Siasa za juu zilimkuta 2008 alipoitwa kuwa waziri wa ulinzi.

Mimi kama fundi hapo ndo nampendea, sifichi. Nilivyosikia 2014 kwamba anagombea nilifurahi kama kagombea mjomba wangu, nikawaambia vijana wa gereji kwamba safari hii ikulu anaingia mtu anayejua gari moshi haliondoki kwa hotuba.

Nchi aliyokabidhiwa Januari 2015 ilikuwa nchi ambayo vita imeshaisha mara mbili kwenye karatasi na watu bado wanakufa. Ile vita kubwa ya serikali ya FRELIMO na waasi wa Renamo iliisha kwa mkataba wa Roma Oktoba 4, 1992, baada ya miaka kama 16 na watu wanaokadiriwa kufika milioni moja kupotea, lakini Dhlakama, kiongozi wa Renamo, hakuwatoa watu wake wote porini, wengine walibaki na bunduki zao miaka 20 nzima, wanazeeka nazo. 2013 ikalipuka tena, mwezi wa kumi jeshi likaivamia kambi ya Dhlakama kule Satunjira, na waziri wa ulinzi wakati huo ni nani? Ni huyu huyu Nyusi. Septemba 2014 wakasaini mkataba mwingine, uchaguzi ukapita, Renamo wakakataa matokeo, na ikifika 2016 watu wa mkoa wa Tete wanakimbilia Malawi kwa maelfu.

Sasa hapa naomba msome taratibu, hata kama mna kikao. Agosti 2017 Nyusi alipanda milima ya Gorongosa, katikati ya Msumbiji, mwenyewe kukutana na Dhlakama. Hakumwita Maputo hotelini, alimfuata porini alipo, yeye ambaye alikuwa waziri wa jeshi lililomfukuza Dhlakama nyumbani kwake miaka minne nyuma. Jaribuni kufikiria hiyo picha. Wakaongea mambo mawili ya maana, kwamba magavana wa mikoa wapatikane kwa kura za mkoa badala ya kuteuliwa na rais, na kwamba hawa watu wenye bunduki waende wapi. Dhlakama akafariki Mei 3, 2018 kabla hawajamaliza na wengi tukasema basi hiyo imekwenda na mwenyewe. Haikwenda. Akaendelea na Ossufo Momade aliyeshika kiti, wakasaini kule kule Gorongosa Agosti 1, 2019 na tena Maputo Agosti 6.

Siku ya kusaini kila mtu anakuwepo, suti zipo, kamera zipo. Kazi yenyewe ilikuja baada ya hapo na hiyo haikuwa na kamera. Wapiganaji 5,221, kambi 16. Kila mmoja aandikwe jina, akabidhi silaha, aulizwe anataka akaishi wilaya gani, apelekwe, apewe hela ya kuanzia maisha, alafu aingizwe kwenye pensheni. Na wengine wale walikuwa watu wazima kabisa, wajukuu wanao, wameshika bunduki tangu hawajaota ndevu. Kambi ya mwisho, Vunduzi, ilifungwa Juni 2023, yaani miaka karibu minne tangu saini.

Nimeshafungua jenereta kubwa nyingi tu. Unatandika boksi chini, kila boliti unaipanga kwa mstari wa ilipotoka, ukipoteza moja unaitafuta kwenye mchanga na tochi hata kama mteja anapiga simu kila dakika tano. Kwa Renamo Nyusi alifanya kazi ya namna hiyo. Haikutoka safi, maana yupo Mariano Nhongo aliyejitenga na kundi lake wakawa wanapiga magari barabarani mpaka akauawa Oktoba 2021, na pensheni zilichelewa hadi waliotoka porini mwanzo wakasema wametapeliwa, na uchaguzi wa 2019 Renamo waliukataa kama kawaida yao. Ila hawakurudi porini. Waligoma, walisusa, walitukana, lakini kambi zikaendelea kufungwa.

Ingeishia hapo mngeona barua hii ni ya kumsifia ndugu yangu. Haiishii hapo.

Alivyoshuka Gorongosa Agosti 2017, miezi miwili tu mbele, Oktoba 5, vijana wakavamia vituo vya polisi kwenye mji wa pwani wa Mocímboa da Praia. Mkoa wa Cabo Delgado, mkoa wake yeye rais, nyumbani kwake. Na hii haikudondoka kutoka mbinguni, mashehe wa kule walikuwa wameshaenda kwa serikali kuripoti kwamba kuna kikundi cha vijana kinajitenga na misikiti, kinakataza watoto shule, wafuatilieni. Injini ilikuwa inagonga, aliyekaa karibu nayo kasema inagonga, na wenye funguo wakaendelea kukanyaga mafuta.

Kwa nini vijana wale walipatikana kirahisi vile? Hapa naomba nisiwe mnafiki kwa sababu inanigusa. Sisi Wamakonde wa Mueda ndo tulioanzisha vita ya ukombozi, sawa, na baada ya uhuru pensheni za maveterani na vyeo vilielekea zaidi juu kule kwenye uwanda, huku Wamwani wa pwani, wavuvi wa Mocímboa na Palma, wakibaki wanaangalia. Mkoa ule una jina la utani la Kireno, Cabo Esquecido, Rasi Iliyosahaulika. Alafu 2009 ikapatikana rubi Montepuez, vijana wakajazana, na wa huku kwetu pia walikuwemo wengi, namfahamu mmoja alirudi Tandahimba na pikipiki mbili. Februari 2017 polisi wakawafagia wachimbaji wadogo wote, Watanzania wakarudishwa kwa maelfu, hapa Mtwara tuliwapokea wengine na nguo walizovaa tu. Na gesi ya Palma, mradi wa dola bilioni 20, watu wa kijiji cha Quitupo wakahamishiwa kwenye nyumba mpya za Quitunda ila bahari wakaiacha mbali na shamba wakawa wanalisubiri. Weka hayo yote kwenye sufuria moja, alafu aje mtu na maneno ya dini na elfu kadhaa mfukoni.

Msininukuu vibaya, anayechinja watu hana udhuru na mimi simtafutii. Oktoba 2020 walivuka mto wakaingia Kitaya, hapa hapa mkoani Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba, nina mteja wangu kule mashine yake ya kukoboa iliungua hadi ikabaki bodi tu. Ninachosema ni kwamba yule yule bwana aliyewapanga watu 5,221 wa Renamo mmoja mmoja, kwa Mocímboa alianza na kufunga misikiti na kukamata vijana kwa mkupuo, na kwa muda mrefu serikali yake ikawa inawaita wahalifu wasio na sura. Wakala wa kuendeleza kaskazini, ADIN, kaundwa Machi 2020, wakati mji wa Mocímboa wenyewe ulikuwa unavamiwa mwezi huo huo. Agosti 2020 wakauteka kabisa. Machi 24, 2021 wakaingia Palma, mwezi uliofuata Total, kampuni yenye mradi wa gesi, wakafunga virago, Julai wakaja wanajeshi wa Rwanda na wa SADC wakiwemo wa kwetu. Watu waliokimbia makazi wakafika karibu milioni moja.

Kichwa kimoja, mikono ile ile, matokeo mawili. Nimeliwaza sana hili nikiwa chini ya mashine. Nadhani jibu langu ni hili, na kama nimekosea wasomi mnirekebishe: Renamo walikuwa na jina, na simu, na viti bungeni, ukitaka kuongea nao unajua unampigia nani. Wale wavuvi na waliofukuzwa kwenye rubi hawakuwa na mtu wa kumpigia. Hakuna aliyewaandika majina yao kabla hawajashika panga, na walipoyashika wakawa hawataki tena kuandikwa. Injinia huyu alijua kutengeneza kilichoharibika mbele ya macho yake. Kinacholegea taratibu, pembeni, kwa watu wasio na msemaji, hakukisikia, au alikisikia akaona sio cha leo.

Sasa nakuja kwenu wakuu, na hapa naomba mnivumilie maana nitaongea kama mtu wa Mtwara.

Sisi injini yetu iligonga tayari na tuliisikia wote. Gesi ya Songo Songo imegunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na ilipofika Desemba 2012 watu waliandamana mjini hapa wakisema gesi haitoki, mkaja na majibu ya kwamba rasilimali ni ya Taifa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analibishia, watu walikuwa wanauliza na sisi je. Januari 2013 ikawa Masasi. Mei 22, bajeti ya nishati inasomwa bungeni, Mtwara ikawaka, wanajeshi wakaingia mtaani, watu wakafa. Bomba likajengwa, 2015 likazinduliwa, gesi ikaenda Dar. Sijasema isingeenda. Mimi natumia umeme wa gesi hiyo hiyo na ukikatika ndo napata kazi, kwa iyo sina pa kulalamikia pande zote mbili.

Mnachokumbuka nyie kuhusu 2013 ni fujo. Sisi tunakumbuka na ile miaka miwili mitatu ya uzungu uzungu, makampuni ya utafiti bandarini, chumba cha kupanga Shangani bei imepaa mara tatu, watu wamekopa benki kujenga lodji, wengine wameuza mikorosho. Kuna kontrakta mmoja, simtaji, alinipa kazi ya kuangalia majenereta yake manne, miezi mitano, alafu siku moja nimekwenda nakuta geti limefungwa, mlinzi naye anasubiri mshahara kama mimi, tukakaa pale kwenye kivuli tunaangaliana. Hizo lodji saivi nyingine wamefungia mbuzi.

Na sasa inakuja Likong'o. Dola bilioni 42 ndo zilitajwa, Shell na Equinor na wenzao, ardhi zaidi ya hekta 2,000 pale Lindi, mazungumzo mkasema yamekamilika 2023 na mpaka leo tunasubiri saini. Watu wa Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo walikaa miaka na mashamba waliyoambiwa wasiyaendeleze mpaka fidia ikaja 2020. Mtu kaambiwa usipande mnazi, mnazi wenyewe unachukua miaka kuzaa, sasa huyo hasara yake unaipima vipi kwenye fomu?

Ninachowaomba ni kwamba muifanye Likong'o kama Nyusi alivyoifanya Gorongosa, msije mkaifanya kama Palma. Na muda mnao, saini haijawekwa, ndo uzuri wa kuchelewa huko.

Kwa maana gani. Kwa maana ya daftari. Bandikeni kwenye ofisi ya kata, kwa mkono au kwa kompyuta vyovyote vile, nani kalipwa fidia na shilingi ngapi na nani bado, mtu aje asome jina lake na la jirani yake, ugomvi utakuwepo siku mbili tatu alafu utakwisha, ila mkificha ugomvi hautakwisha. Na ule ushuru wa huduma ambao halmashauri zinapata kwenye gesi, Kilwa na Mtwara, uandikwe pale pale pembeni, umeingia kiasi gani na umejenga choo cha shule ipi. Mimi nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kuona karatasi hiyo ukutani, labda ipo kwenye tovuti, lakini mvuvi wa Msimbati hasomi tovuti, anasoma ukuta.

Vijana nao waandikwe sasa hivi, majina, mtaa, wanajua nini. Wale wa VETA Mtwara na VETA Lindi wanaojifunza kuchomelea, mkawaulize hao wawekezaji wanataka cheti cha kiwango gani, alafu wafundishwe hicho hicho kabla meli haijatia nanga, maana najua itakavyokuwa, siku ya ajira watasema vijana wa Kusini hawana sifa, kazi ya kuchomelea itakwenda kwa wageni, ya ulinzi itakwenda kwa kampuni ya Dar ambayo nayo italeta walinzi wake kwenye Coaster, na kijana wa Mto Mkavu atauza maji ya kandoro getini. Hilo nimeliona kwa macho yangu na mkisema natunga njooni niwaonyeshe geti.

Alafu kuna watu wagumu. Kila mtaa wapo, wale mnaowaita wachochezi, anayesimama kwenye mkutano anauliza swali moja mpaka mwenyekiti anazima spika. Mfuateni huyo. Nendeni nyumbani kwake bila ving'ora, bila waandishi, kaeni kwenye mkeka mle ming'oko, mumsikilize hata masaa matatu. Nyusi alimfuata mtu mwenye bunduki mpaka mlimani, nyie mnashindwa vipi kumfuata mwalimu mstaafu wa Mikindani ambaye silaha yake ni daftari la mahesabu? Na mashehe na maimamu wa vijiji vya pwani wakija kuwaambia kuna kikundi hakieleweki, msiwaandike wao kwenye faili la washukiwa. Mauaji ya Kibiti 2017 na ya Kitaya 2020 hayapo mbali kiasi cha kusahau.

Wabunge wetu, nyie nawaomba kitu kidogo zaidi. Msisubiri kampeni. Mkifika Lindi simameni na Likong'o, sio mnapita na gari vioo vimepandishwa mnatupungia mkono kama mnapunga nzi.

Bibi yangu alifariki kabla Nyusi hajawa rais. Angekuwepo sijui angesema nini, alikuwa mtu wa kuguna tu, lakini nakumbuka alikuwa anahesabu watu wa ukoo waliobaki ng'ambo kila mwezi, anawataja majina wote, na akisahau mmoja anaanza upya tangu mwanzo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nipo Chikongola, ulizeni fundi jenereta karibu na soko, wenye bajaji wote wananijua. Mezani nina mashine ya shule moja inasubiri ringi kutoka Dar, zimekwama njiani tangu Jumatatu, kwa iyo wiki hii sitoki, mkija mtanikuta.